Uimara na Matunzo ya Pergola za Alumini zenye Luva katika Mazingira ya Pwani: Mfano wa Gombani, Pemba

1.0 Utangulizi

Pergola ni kiunzi cha kivuli kinachosimamishwa uani au mbele ya jengo kwa nguzo na boriti, bila kuta. Pergola yenye luva hutofautiana na upenu wa kawaida kwa kuwa paa lake ni safu ya mabapa membamba yanayozunguka. Mabapa hayo, yaani luva, yakifunguliwa hupitisha upepo na mwanga. Yakifungwa hupandana na kuzuia mvua, na maji huelekezwa kwenye milizamu iliyo ndani ya boriti.

Katika visiwa vya Zanzibar, kazi ya kutoa kivuli imefanywa kwa muda mrefu na makuti, miti ya mikoko na mabati. Makuti huoza, miti huliwa na mchwa na mabati hushika kutu. Alumini haipatwi na lolote kati ya hayo, na kwa sababu hiyo husifiwa kuwa haihitaji matunzo. Makala haya yanaonesha kwamba sifa hiyo ni nusu ya ukweli. Katika mazingira kama ya Gombani, kinachoamua umri wa pergola si alumini yenyewe, bali ni viungio vyake na sehemu zake zisizofikiwa na mvua.

2.0 Mazingira ya Gombani

Gombani, mahali unapopatikana uwanja mkuu wa michezo wa Pemba, imo katika Wilaya ya Chake Chake, Mkoa wa Kusini Pemba. Kisiwa cha Pemba kina urefu wa kilomita zipatazo 67 na upana wa kilomita zipatazo 22. Kwa hiyo hakuna kijiji kilicho mbali na bahari. Hata hivyo, ukaribu huo hauna athari sawa kila mahali. Chembe za chumvi hurushwa hewani hasa pale mawimbi yanapovunjika, na kiasi chake hupungua haraka katika mita mia chache za mwanzo kutoka ufukweni. Mji wa Chake Chake uko kwenye hori lililotulia upande wa magharibi, ilhali pwani ya mashariki inakabiliana na bahari kuu. Gombani, kwa hiyo, haipaswi kulinganishwa na hoteli iliyojengwa ufukweni, wala na mji wa bara usioguswa na chumvi.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 hugawa hewa katika madaraja ya ulikaji kuanzia C1 hadi C5, na CX kwa mazingira makali kabisa. Vigezo vyake vikuu ni muda ambao metali hukaa na unyevu, kiasi cha kloridi na kiasi cha dioksidi ya salfa. Daraja la kiwanja fulani hupatikana kwa kupima, si kwa kutazama ramani.

Misimu nayo ina nafasi yake. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, huosha chumvi. Katikati yake huja vipindi vya mvua haba: kaskazi yenye joto na kusi yenye upepo mkali. Katika vipindi hivyo chumvi hujilimbikiza, na unyevu wa usiku huigeuza kuwa utando wa majimaji juu ya metali.

3.0 Kinachoilinda Alumini na Kinachoidhuru

Alumini inapokutana na hewa, hujifunika papo hapo kwa tabaka la oksidi lenye unene wa nanomita chache tu. Tabaka hilo hushikamana na metali na hujirudisha likikwaruzwa, tofauti na kutu ya chuma ambayo humenyuka na kuacha chuma wazi. Tabaka hilo huwa thabiti katika mazingira yenye pH ya takribani 4 hadi 9. Nje ya mipaka hiyo huyeyuka, na ioni za kloridi hulitoboa na kuacha vishimo vidogo vyenye unga mweupe.

Kwa kawaida fremu na luva hutengenezwa kwa aloi za kundi la 6000, kama vile 6063, zenye magnesi na silikoni. Aloi hizi hustahimili hewa ya bahari vizuri. Juu yake huongezwa kinga ya kiwandani: ama oksidi iliyoneneshwa kwa umeme, ambayo kwa matumizi ya nje ya pwani hufikia mikroni 20 hadi 25, ama rangi ya unga iliyookwa, yenye unene wa takribani mikroni 60 au zaidi. Kinga hiyo hukatika pale fundi anapokata boriti au kutoboa tundu kwenye eneo la ujenzi. Chumvi ikiingia hapo, ulikaji hutambaa chini ya rangi kama nyuzi, na rangi huinuka ingawa kwa mbali inaonekana nzima.

4.0 Mahali Uharibifu Unapoanzia

Mahali pa kwanza ni kwenye skrubu na bolti. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na ile iliyo dhaifu zaidi kikemia huliwa. Alumini ikigusana na shaba au chuma, mara nyingi inayoliwa ni alumini. Skrubu za chuma cha kawaida hushika kutu na kuiharibu alumini inayozizunguka. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 hufaa zaidi pwani kuliko cha 304 kwa sababu kina molibdeni. Lakini hata hicho kinahitaji washa za nailoni ili kisigusane moja kwa moja na alumini. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba nazo hazifai kuegemezwa kwenye fremu.

Mahali pa pili ni kwenye kitako cha nguzo. Saruji na chokaa mbichi zina pH ya takribani 12 au zaidi, yaani nje kabisa ya mipaka ya usalama. Nguzo iliyofukiwa ndani ya zege bila kizuizi, au iliyorukiwa na chokaa wakati wa kupaka ukuta, huanza kuliwa kabla jengo halijakamilika. Kitako hichohicho hubeba pia mzigo wa upepo. Kimbunga Hidaya, kilichofika pwani ya Tanzania mwezi Mei 2024, kilikumbusha kwamba vimbunga katika pwani hii ni nadra lakini si muhali.

Mahali pa tatu ni upande wa chini wa luva. Hapa ndipo penye kinyume cha matarajio: sehemu ya juu, inayopigwa na jua na mvua, huoshwa bure kila masika, sehemu ya chini, iliyohifadhiwa kivulini, hubaki na chumvi yake mwaka mzima. Atazamaye paa kutoka ghorofani huliona safi, ilhali uharibifu uko upande wa pili.

Mwisho ni sehemu zinazosogea. Boriti ya mita 4 hurefuka kwa takribani milimita 3 joto lake likipanda kwa nyuzi 30 za Selsiasi. Viungio visivyoachiwa nafasi hulegea au hupinda, na luva hukwama. Mota za kuzungushia luva nazo huathiriwa na unyevu wenye chumvi. Mkono wa kuzungushia kwa nguvu za mtu ni akiba ya maana umeme unapokatika.

5.0 Matunzo kwa Kufuata Misimu

Kazi kubwa ya matunzo ni kuosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Baadhi ya visima vya karibu na pwani hutoa maji ya magadi au ya chumvi, na kuosha kwa maji hayo ni kuongeza tatizo. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye milizamu ya pergola yenyewe yanatosha.

Wakati wa kaskazi na wa kusi, upande wa chini wa luva uoshwe angalau mara moja kwa mwezi, kwa kitambaa laini na sabuni isiyo kali, kisha usuuzwe. Kabla ya masika na kabla ya vuli, milizamu iondolewe majani na vumbi, kwani maji yaliyotuama huacha chumvi iliyokolea. Baada ya masika, viungio vikaguliwe: skrubu zenye kutu zibadilishwe, na mikwaruzo ipakwe rangi ya kuziba.

Desturi ya kusugua sufuria kwa jivu na mchanga haifai kuhamishiwa hapa, ingawa sufuria nayo ni ya alumini. Sufuria haina rangi ya kupoteza, pergola inayo. Jivu huharibu kwa ukali wa magadi yake, na mchanga kwa kukwaruza. Steliwulu ni mbaya zaidi, kwa kuwa huacha chembe za chuma zinazoanzisha ulikaji mpya.

6.0 Hitimisho

Uimara wa pergola ya alumini katika Gombani huamuliwa mara mbili: siku ya kununua skrubu na kila mwezi wa kuosha. Gharama ya skrubu bora na washa ni ndogo ikilinganishwa na ya fremu nzima, lakini ndiyo hupunguzwa kwanza kwa kuwa haionekani. Inafaa mikataba ya ujenzi itaje aina ya viungio, namna ya kuitenga alumini na saruji, na njia ya kuufikia upande wa chini wa luva. Kwa watafiti, vipimo vya kloridi katika maeneo ya ndani ya Pemba, vikilinganisha pwani ya mashariki na mahori ya magharibi, vingeyapa mapendekezo haya msingi wa takwimu za mahali penyewe.