Pika Soya Kabla ya Kuwapa Vifaranga

Soya ni chakula bora cha kujenga mwili. Katika kilo 100 za soya kavu, kilo 35 hadi 40 ni protini. Kwa hiyo wakulima wengi wa skimu hupenda kusaga soya ya shamba lao na kuichanganya na unga wa mahindi, wasinunue chakula chote cha kuku dukani. Mpango huo ni mzuri, lakini jihadhari: soya mbichi haifai kwa vifaranga. Watakula na kushiba, lakini hawatakua vizuri, na fedha zako zitapotea.

Sababu ni hii. Ndani ya kuku mna kiungo kiitwacho kongosho. Kongosho hutoa tripsini, kitu kinachokatakata protini katika utumbo ili mwili uweze kuitumia. Soya mbichi ina protini nyingine ambayo huishika tripsini na kuifunga, isiweze kufanya kazi. Basi protini nyingi ya chakula hutoka katika mavi bure. Tena kongosho hulazimika kutengeneza tripsini zaidi na zaidi, chembe zake zikakua na kuongezeka, hata likawa kubwa kupita kiasi. Kongosho hunenepa huku kifaranga mwenyewe amedumaa.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1917 wataalamu wawili wa Marekani, Osborne na Mendel, walionyesha kwamba panya waliolishwa soya iliyopikwa walikua vizuri kuliko wale wa soya mbichi. Mwaka 1945 mtaalamu Kunitz aliitenga protini yenyewe inayofunga tripsini.

Lakini si kila protini ya namna hii ni adui. Mtu akiugua mapafu, mahali hapo huvimba, na chembe nyeupe za damu hutoa vitu vikali vya kupigana na vijidudu. Ini hutengeneza protini ya kuvizuia vitu hivyo visije vikala mapafu yenyewe. Mwaka 1963 Laurell na Eriksson wa Sweden waliandika habari za watu waliopungukiwa na protini hiyo, na baadhi yao mapafu yao yalikuwa yameharibika.

Dawa ya soya mbichi ni moto. Fanya hivi:

1. Chagua soya safi, uiloweke usiku kucha, kisha umwage maji hayo.
2. Ichemshe katika maji mapya kwa dakika 30, ukihesabu tangu maji yanapotokota.
3. Ianike juani mpaka ikauke kabisa, isije ikaota ukungu.
4. Isage, kisha uichanganye na vyakula vingine.

Ukipenda kukaanga, koroga daima na usiiache iungue, maana moto mwingi mno huharibu protini nzuri. Ukinunua mashudu ya soya, uliza kwanza kama yamepitishwa motoni.

Nguruwe na ndama wadogo pia wapewe soya iliyopikwa. Kuhusu vipimo vya kuchanganya, muulize Afisa wa Mifugo wa mahali pako. Kuni za nusu saa ni gharama ndogo kuliko banda zima la vifaranga waliodumaa.