Nyumba Ndogo Ugenini, Mtoto Yuko Njiani



Jioni moja mama mmoja wa kanisa letu alifika kwangu akilia. Binti yake alikuwa amemfuata bwana yake kule Liège, Ubelgiji, na mimba ilikuwa imefika miezi sita. Siku ile binti alipiga telefone na kumuonyesha mama nyumba yao kwa picha: kitanda, meza, jiko na dirisha moja, vyote katika chumba kimoja, etaji ya nne, na kando yake bafu dogo.

"Pasta," mama akaniambia, "mutoto wangu alikomalia mu parsele ya miembe tatu, leo eko analala mu kasanduku. Na mutoto akizaliwa, batamuweka wapi? Tena kichwa kinamuuma kila mangaribi. Bantu banasema ni jamaa ya bwana yake njo inamufunga."

Nitarudia neno la kichwa kile. Lakini kwanza nataka tuzungumze juu ya kasanduku, kwa sababu jamaa nyingi za migodi zina mtoto mmoja Ulaya, na huenda wewe kijana unayesoma sasa unajitayarisha kwenda.

Nkambo zetu walianza vile vile

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mwanzoni ilichukua wanaume peke yao kwa kontra fupi. Mwisho wa miaka ya 1920 ikabadili mpango: ikataka mfanyakazi aje na bibi yake, akae, azae watoto kambini. Watu wakatoka Lomami, Kasai, hata Ruanda na Urundi. Wakapewa vijumba vidogo vilivyopangwa mistari mistari. Mama mwenye mimba alijikuta kati ya watu wasiojua lugha yake, bila mama mzazi, bila shangazi.

Alifanya nini? Alijifunza kumwita jirani "dada" na kumwita mzee wa nyumba ya tatu "mama". Ndivyo Kiswahili chetu hiki kilivyokomaa kambini, kati ya watu waliohitaji kusaidiana. Na alipozaa, alipeleka mtoto kwenye mizani ya kompani kila mara alipoitwa.

Liège nayo ilikuwa nchi ya migodi, migodi ya makaa ya mawe. Mwaka 1946 Ubelgiji na Italia walipatana, na Waitaliani kwa maelfu wakaja kuchimba. Wengi walilazwa katika vibanda vya kambi za wakati wa vita. Kwa hiyo binti wa mama yule hakuwa mgeni wa kwanza kuanza maisha katika chumba kidogo kule.

Soma Yeremia sura ya 29. Watu wa Mungu walikuwa wamehamishwa Babeli, na mioyo yao ilikuwa imebaki Yerusalemu. Mungu aliwaagiza wajenge, wakae, wazae, na wauombee mema mji ule waliomo. Hakuwaambia wangoje mpaka warudi kwao.

Mtoto haombi chumba

Mtoto mchanga hahitaji chumba chake. Inatosha awe na kitanda kidogo cha peke yake, karibu na kitanda cha wazazi, kwa miezi 6 ya kwanza. Godoro liwe gumu kidogo. Alale chali, bila mto, bila blanketi nzito. Huku kwetu tunamweka katikati ya baba na mama na kumfunika sana, tukisema tunampa joto. Lakini mwili mzito wa mtu aliyechoka, pamoja na nguo nyingi, vinaweza kumzibia pumzi. Chumba chenye joto la digri 18 mpaka 20 kinamtosha.

Fungueni dirisha dakika kumi, asubuhi na jioni, hata wakati wa baridi. Tunapika, tunaoga, tunaanika nguo ndani, na mvuke wote unakaa ukutani. Baadaye kuvu nyeusi inatokea, na kifua cha mtoto kinaumia. Kwa kumuogesha, beseni ya plastiki inatosha. Nguo zilizovaliwa na mtoto mwingine si aibu. Bwana wetu mwenyewe alilazwa mahali pa kulishia wanyama, kwa sababu nafasi ilikosekana.

Lile neno la kichwa

Binti yule alificha maumivu yake wiki mbili. Alifikiri ni mimba. Huku jamaa walikwisha kuanza kutafuta mwenye kosa, na maneno makali yakapita kati ya jamaa mbili.

Siku moja dada mmoja wa kanisa la kule alimuuliza swali jepesi: "Kinauma wakati gani?" Akajibu: "Nikitoka kuoga." Dada akasimama palepale. Akafungua dirisha, akazima chombo cha gazi kinachochemsha maji ya bafu, akamtoa nje, akapiga 112. Wazima moto walipopima hewa, walikuta ina sumu.

Sumu ile ni moshi usioonekana wala kunuka, unaotokea moto unapowaka bila hewa ya kutosha. Unaleta kichwa, kizunguzungu na kutapika, kwa hiyo mama mwenye mimba anadanganyika kwa urahisi. Unaweza kuua, na mtoto wa tumboni anaumia kuliko mama yake. Ni moshi uleule wa mbabula. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikija, watu wa kwetu wanaingiza makala ndani na kufunga mlango, na wengine hawaamki tena.

Basi, nani alimfunga binti yule? Bwana yake, tena kwa upendo. Aliona baridi inapita katika tundu la hewa chini ya mlango wa bafu, akaliziba kwa kitambaa ili bibi yake asiugue. Hakujua kama tundu lile liliwekwa kwa kusudi.

Ndugu zangu, mimi ni mchungaji, sikatai kuwa mwovu yuko. Lakini kabla ya kumtaja jirani au mama mkwe, uliza: kinauma wakati gani, na wapi? Tundu la hewa lisizibwe. Chombo cha gazi kikaguliwe na fundi kabla ya baridi. Na kichwa cha mama mwenye mimba kisifichwe hata siku moja, maana kina sababu nyingi, hata damu kupanda.

Karatasi na lopitali

Kijana, ukifika Ubelgiji kwa kukaa, jiandikishe komine katika siku 8 za kazi. Polisi atakuja kuhakikisha kama mnakaa pale, kwa hiyo andikeni majina yenu kwenye kengele na kwenye sanduku la barua. Feza ya garanti ya nyumba, ambayo kule Liège haipite miezi miwili, iwekwe katika konti ya benki iliyofungwa, kwa jina lenu. Usiiweke mikononi mwa mwenye nyumba. Na siku ya kuingia, andikeni pamoja naye kila ufa na kila doa, kila mtu atie sahihi.

Kwa mimba, tafuteni mapema nyumba za ONE, Office de la Naissance et de l'Enfance. Wanapima mama bila kulipwa, na mtoto akizaliwa mfanyakazi wao anaweza kufika nyumbani kumuona. Ni kama mizani ya nkambo zetu. Hata asiye na karatasi anaweza kuomba matunzo ya mimba na ya kuzaa kwa CPAS, kwa njia inayoitwa aide médicale urgente. Nendeni mapema, msingoje uchungu.

Mwambieni munganga mambo mawili bila haya. Kwanza: "Nimetoka Kongo." Homa ikija miezi ya kwanza, inaweza kuwa malaria, na munganga wa kule anaweza kufikiri ni mafua tu. Pili: kama katika jamaa kuna ugonjwa wa SS.

Mtoto akizaliwa, mtangazeni komine ya pale alipozaliwa katika siku 15. Wengine wanadanganya kama kuzaliwa kule tu kunampa mtoto uraia wa Ubelgiji. Sivyo. Lakini kwa sheria ya Kongo ya mwaka 2004, mwenye baba au mama Mkongomani ni Mkongomani.

Baba, mikono yako

Huku mama akizaa, mama yake anakuja. Anachemsha maji, anaogesha mtoto, anapika bukari, anamwambia mzazi alale. Kule nani atakuja? Viza ni ngumu, tikiti ni ghali. Baba, ni wewe. Wewe njo mama mkwe wa nyumba ile.

Mfanyakazi mwenye kontra kule ana haki ya siku 20 za kukaa nyumbani mtoto akizaliwa, tangu mwaka 2023, na mama mfanyakazi ana wiki 15. Usizitumie siku zile kwa kutembelea marafiki. Fua nguo. Pandisha maji na mboga kwenye etaji ya nne. Mama akilia bila sababu siku nyingi, usimwite mvivu. Mpeleke kwa munganga, kwa sababu huzuni baada ya kuzaa ni ugonjwa unaotunzwa. Mwanaume anayeshika nepi hapotezi heshima yake.

Na sisi tuliobaki

Sasa nakuja kwako, mzazi. Mama yule aliniambia kitu kingine kwa sauti ya chini: mwezi ule alikuwa ameomba feza ya mabati. Na binti alituma. Feza ile ilikuwa ya kitanda cha mtoto.

Tunapenda kusema, "Mutoto wetu eko Bulaya," na majirani wanatuheshimu. Kwa hiyo mtoto anaogopa kutuambia kama anakaa chumba kimoja, kama ana deni, kama anaumwa. Anapiga picha mbele ya gari la mwingine, nasi tunafurahia. Ule uongo ndio tundu tunaloziba sisi wenyewe kwa kitambaa.

Mama yule aliomba nimsaidie kuandika ujumbe. Ulikuwa mfupi: "Mwanangu, mabati yatangoja. Nunua kitanda cha mtoto. Nyumba yako ni nzuri, Mungu anaingia humo. Usinifiche kitu." Halafu alikwenda kwa jamaa ya mkwe wake kuomba musamaha kwa maneno yaliyosemwa. Hiyo ndiyo safari iliyokuwa ngumu kwake kuliko kupanda ndege.

Mtoto amezaliwa, ni binti, mzima. Analala kati ya meza na dirisha. Kila siku ya Mungu, baada ya ibada, nkambo yake anamuimbia kwa telefone.

Bwana alinde nyumba zenu, kubwa na ndogo. Amina.

*Maswali ya kuzungumza nyumbani*

1. Je, mtoto wetu aliye mbali anaweza kutuambia shida yake bila kuogopa?
2. Wakati wa baridi, mbabula yetu inalala wapi?
3. Katika avenue yetu, ni mama gani mgeni mwenye mimba ambaye hana mtu? Nani atamtembelea wiki hii?