Hewa Iliyoondolewa Kabla ya Kazi Kwisha

Kutoboa mwamba si kazi ya wachimba shaba peke yao. Miji mikubwa ya kando ya bahari nayo inatoboa njia chini ya udongo, kwa kupitisha maji machafu ya vyoo na maji ya mvua. Wanaofanya kazi hiyo wanatumia vitu tunavyovijua: shimo la kushukia, reli, pampu, zege, mashini za kuleta hewa. Hatari zao pia tunazijua. Leo tutaeleza habari za Boston, mji wa Marekani, ambako watu wawili walikufa mwaka 1999 katika njia ya namna hiyo, kazi ikiwa karibu kwisha.

Sehemu za zamani za Boston zina mabomba yanayopokea maji ya vyoo na ya mvua pamoja. Mvua ikinyesha kwa nguvu, bomba linajaa na uchafu unamwagika baharini. Hata matope ya maji machafu yalitupwa bandarini mpaka mwaka 1991. Mambo yalifika mbele ya hakimu, naye katika miaka ya 1980 akaamuru bandari isafishwe. Ndipo kiwanda kipya cha kusafisha maji kilijengwa mahali panapoitwa Deer Island, kwa ajili ya watu zaidi ya milioni 2. Maji yakiisha kusafishwa, yalitakiwa kupelekwa mbali na pwani. Kwa hiyo walichimba njia chini ya bahari.

Shimo la kushukia lina metri 120 hivi. Kutoka chini yake njia inakwenda kilometri 15 ndani ya mwamba, upana wake unapita metri 7. Ilichimbwa na mashini yenye kichwa kikubwa kinachozunguka na kusaga mwamba, na nyuma yake watu walipanga vipande vya zege kuwa ukuta. Katika kilometri 2 za mwisho kuna mabomba 55 yaliyosimama wima, yanayopandisha maji mpaka sakafu ya bahari. Mabomba hayo yalitobolewa toka juu, kwenye jukwaa lililosimama baharini. Chini ya kila bomba waliweka kizibo. Sababu ni nzuri: kama nanga ya meli ingevunja kifuniko cha juu, bahari isingewaangukia wachimbaji.

Lakini vizibo hivyo vilipaswa kuondolewa siku moja, ili maji yapite. Mpango ulitaka viondolewe mwisho, wachimbaji wote wakiisha kutoka. Basi taa ziliondolewa, reli ikaondolewa, umeme ukaondolewa, na mashini za kuleta hewa pia. Hapa kila msomaji aliyefanya kazi chini ya udongo atatikisa kichwa. Galeri ya kilometri 15, mlango mmoja tu wa kuingia na kutoka, mwisho wake umezibwa, na bado kuna watu wanaopaswa kwenda mpaka mwisho!

Walitafutwa wapiga mbizi, watu waliozoea kupumua hewa ya mipira, ijapokuwa ndani hamkuwa na bahari, ni giza na hewa mbovu tu. Tarehe 21 Julai 1999 watano waliingia na magari mawili yaliyofungwa pamoja, moja likitazama mbele na lingine nyuma, kwa sababu kule mwishoni njia ni nyembamba na gari haliwezi kugeuka. Hewa yao ilitoka katika mashini iliyochanganya oksijeni na azoti zilizoletwa zikiwa maji. Mashini hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kupumulisha watu. Watatu walitangulia kwa miguu na kutambaa kwenye mabomba kutoa vizibo. Wawili walibaki garini. Walipokwisha kutoa vizibo vitatu, mchanganyiko ukaharibika, oksijeni ikapungua. Wale watatu waliwahi kufungua chupa za akiba, wakarudi wazima. Wawili wa garini walikutwa wamezimia, nao walikufa.

Mtu atauliza: kwa nini hawakukimbia? Tuelewe vizuri jambo hili, maana linatuhusu. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu 21 kwa 100. Chini ya 19.5 haifai kufanyia kazi. Ikishuka chini ya 16 kichwa kinazunguka, akili inapungua, na mtu mwenyewe hajui kwamba imepungua. Ikifika 6 anaanguka na kufa kwa dakika chache. Oksijeni ikikosekana hakuna harufu, hakuna moshi, hakuna maumivu ya kumwonya. Hewa ya maji machafu nayo ina sumu yenye harufu ya yai bovu, lakini sumu ikizidi pua inakufa ganzi na harufu inapotea. Usiseme, «sinusi kitu, basi ni salama». Ni kipimo tu kinachojua.

Ndiyo sababu galeri ya zamani iliyofungwa haiingiwi kabla ya sefu kupima hewa, hata kama ni kuchukua nyundo iliyosahauliwa. Na nyumbani ni vilevile, mama na watoto wasikie: mtu akianguka katika kisima au shimo la choo, asishuke ndugu yake kumwokoa mikono mitupu. Mara nyingi wa pili anakufa juu ya wa kwanza. Piteni mkaite watu wenye chupa za hewa na kamba.

Kule Boston vizibo vilivyobaki havikutolewa kwa namna ile tena. Waliweka mashini baharini, juu ya bomba moja la mwisho, ikavuta hewa kupitia bomba hilo mpaka hewa safi ikajaa njia yote toka shimo la kushukia. Wafanyakazi wakaingia wakipumua kwa pua zao. Maji yalianza kupita tarehe 6 Septemba 2000. Mwaka 2011 ilifunguliwa njia nyingine ya chini ya udongo, kando ya pwani ya South Boston, ya kuhifadhi maji ya mvua mpaka kiwanda kipate nafasi ya kuyasafisha.