Programu Kutoka Chanzo: Somo kwa Mwanafunzi Anayeanza Linux

Mji wa Makambako umekaa mahali njia zinapokutana. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma hupita hapo. Barabara ya Njombe na Songea huanzia hapo. Na reli ya TAZARA, iliyoanza kazi mwaka 1976, ina kituo hapo. Reli hiyo ina upana wa milimeta 1,067 baina ya pau zake mbili, ilhali Reli ya Kati ina upana wa milimeta 1,000. Tofauti ni milimeta 67 tu, haifiki upana wa kiganja. Hata hivyo yatosha kulizuia behewa la reli moja lisipite katika reli ya pili. Mbao zitokazo Njombe zikitakiwa kuhama kutoka reli moja kwenda nyingine, hapana budi zishushwe na kupakiwa upya. Mbao zenyewe hazina taabu, maana zaweza kuingia katika behewa lolote. Kilichofungwa na kipimo ni behewa.

Hali ya programu za kompyuta inafanana sana na hiyo. Programu iliyokwisha tayarishwa kwa prosesa ya aina ya Intel haiwezi kuendeshwa moja kwa moja na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ambayo prosesa yake ni ya aina ya ARM. Lakini maandishi ambayo programu hiyo ilitokana nayo yaweza kupelekwa kwenye mashine zote mbili, na kila mashine ikajitengenezea programu ya kipimo chake. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika katika mfumo wa Linux, na kwa nini inafaa mwanafunzi wa sekondari aifanye walau mara moja.

Chanzo ni nini?

Prosesa huelewa lugha ya mashine peke yake, yaani mfululizo wa namba zinazoamuru kujumlisha, kulinganisha au kuhamisha. Binadamu hawezi kuandika programu kubwa kwa namba hizo bila kupotea. Kwa hiyo huandika kwa lugha kama C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani mnamo mwaka 1972. Maandishi hayo ndiyo yanayoitwa chanzo. Programu maalumu iitwayo kompaila huyasoma na kuyageuza kuwa lugha ya mashine.

Makampuni mengi huuza matokeo ya kompaila tu na kukificha chanzo. Mnunuzi aweza kuitumia programu, lakini hawezi kuona ilivyotengenezwa wala kuirekebisha. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wenye shabaha ya kutengeneza programu ambazo chanzo chake ni ruhusa kusomwa, kubadilishwa na kugawiwa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa kiini cha mfumo wa uendeshaji kilichoitwa Linux. Viwili hivyo vilipounganishwa vilizaa mfumo kamili wa kompyuta ambao chanzo chake ki wazi.

Je, kuna haja ya kujisumbua?

Ni haki kusema tangu mwanzo kwamba mtumiaji wa kawaida hahitaji kuunda programu kutoka chanzo kila siku. Matoleo ya Linux kama Debian na Ubuntu yana hazina ya makumi ya maelfu ya vifurushi vilivyokwisha tayarishwa. Amri moja ya apt hukileta kifurushi pamoja na kila kinachokitegemea, na baadaye hukisahihisha kasoro zinapogunduliwa. Mahali kifurushi cha namna hiyo kipo, busara ni kukitumia.

Zipo, hata hivyo, nyakati ambazo njia hiyo haitoshi. Pengine toleo linalotakiwa bado halijaingizwa katika hazina. Pengine kompyuta ni ya aina ambayo hakuna aliyeitayarishia programu. Pengine mtumiaji ataka kubadili jambo ndani ya programu yenyewe. Na kwa mwanafunzi iko sababu ya nne, ambayo huenda ndiyo kubwa kuliko zote: kuona kwa macho yake kwamba programu ni kazi ya mikono ya watu, iliyoandikwa mstari kwa mstari, nayo yaweza kusomwa kama kitabu.

Hatua kwa hatua

Mradi wa GNU umetoa kifurushi kidogo kiitwacho Hello, kilichokusudiwa kuwa mfano wa kufundishia. Toleo lake la 2.10 lilitoka mwaka 2014, na faili lake halifiki megabaiti moja. Kwa hiyo mwalimu wa Njombe aweza kulipakua kwa simu bila kumaliza bando, akalibeba katika flashi hadi Makambako. Kompaila na zana nyinginezo hupatikana katika kifurushi kiitwacho build-essential, ambacho shule isiyo na intaneti yaweza kukipata katika diski za DVD za Debian. Baada ya hapo, amri hizi huandikwa moja baada ya nyingine katika dirisha la amri:

tar xzf hello-2.10.tar.gz
cd hello-2.10
./configure --prefix=$HOME/.local
make
make check
make install

Amri ya kwanza hufungua furushi, na ya pili huingia ndani ya folda iliyopatikana. Hapo mwanafunzi asiharakishe. Na asome kwanza mafaili yaitwayo README na INSTALL, kwa kuwa ndimo watengenezaji walimoeleza mahitaji ya programu yao. Si vifurushi vyote vinavyofuata utaratibu huu; vingine hutumia zana nyingine, kama vile CMake.

Amri ya tatu, ./configure, ni ya upimaji. Kama fundi apimavyo mlango kabla ya kukata mbao, amri hii huikagua kompyuta: ina prosesa gani, ina kompaila, ina maktaba zipi? Majibu huandikwa katika faili liitwalo Makefile. Maneno yanayofuata --prefix hutaja mahali programu itakapowekwa. Katika mfano huu ni ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe.

Amri ya make ndiyo inayofanya ujenzi. Zana hiyo ilitungwa na Stuart Feldman katika maabara ya Bell mwaka 1976, mwaka ule ule TAZARA ilipoanza kazi. Ujanja wake ni mwepesi na wenye manufaa makubwa. Hulinganisha saa ya faili la chanzo na saa ya faili lililotokana nalo. Chanzo kikiwa kipya zaidi, sehemu hiyo hujengwa tena. Kama sivyo, huachwa ilivyo. Kwa sababu hiyo mtu aliyebadili faili moja kati ya mia halazimiki kungoja yote mia yajengwe upya. Amri ya make check huijaribu programu iliyojengwa, na make install huipeleka mahali pake. Mwanafunzi akiandika sasa ~/.local/bin/hello, kompyuta itamsalimu.

Kosa nalo ni mwalimu

Mara ya kwanza, aghalabu mambo hayaendi sawa. Anayeanza huona mistari mingi ya Kiingereza ikipita mbio, kisha kazi inasimama, naye hudhani ameharibu kompyuta. Hakuna kilichoharibika. Jambo la kufanya ni kurudi juu na kulitafuta kosa la kwanza, kwa kuwa yanayofuata mara nyingi ni matokeo yake.

Ujumbe usemao "no acceptable C compiler found" maana yake ni kwamba hakuna kompaila. Dawa ni kuweka build-essential. Ujumbe kama "ncurses.h: No such file or directory" maana yake ni kwamba programu inategemea maktaba ya ncurses, na faili la kuieleza maktaba hiyo kwa kompaila halipo. Katika Debian na Ubuntu, mafaili ya aina hiyo huwa katika vifurushi ambavyo majina yake huishia na -dev. Huenda maktaba yenyewe ipo na programu nyingine zinaitumia; kinachokosekana ni maelezo yake. Wengi hukwama hapa kwa kutojua tofauti hiyo.

Kosa la tatu huzihusu hasa kompyuta kuukuu, ambazo shule nyingi hupewa kama msaada. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya mviringo, ya volti 3, inayoendesha saa wakati umeme umezimwa. Betri hiyo ikifa, kila mashine inapowashwa tarehe yaweza kurudi nyuma kwa miaka. Ikiwa kifurushi kilitolewa baada ya tarehe hiyo ya uongo, ./configure yaweza kukataa kazi kwa maneno "newly created file is older than distributed files!", yaani faili lililozaliwa sasa hivi lina umri mkubwa kuliko mafaili yaliyoletwa. Baya zaidi, mwanafunzi aweza kubadili chanzo na make ikadai hakuna la kufanya, kwa sababu badiliko la leo linaonekana kuwa la zamani kuliko programu ya jana. Dawa ni kusahihisha tarehe na kununua betri mpya.

Umeme nao ukikatika katikati ya kazi, si lazima kuanza upya: make huendelea pale ilipoachia. Lakini ikiwa faili moja lilikuwa likiandikwa wakati ule ule, laweza kubaki nusu na bado likahesabiwa kuwa zima. Panapotokea shaka, amri ya make clean hufuta yaliyojengwa, na ujenzi huanza tena juu ya msingi safi.

Hadhari

Jambo la kwanza la kuhadhari ni madaraka. Hakuna sababu ya kuendesha ./configure wala make kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu wa mfumo. Amri zilizomo katika furushi ni programu za watu wengine, nazo zikipewa mamlaka yote zaweza kufanya lolote.

La pili ni uaminifu. Wengi husema kwamba programu ya chanzo wazi ni salama kwa kuwa kila mtu aweza kuisoma. Kisa cha mwaka 2024 chaonyesha kwamba kuweza kusoma na kusoma ni mambo mawili. XZ Utils ni zana ya kubana mafaili inayotumika katika karibu kila toleo la Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan aliusaidia mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa kutoa matoleo yake. Katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 alificha mlango wa siri ambao ungempa nafasi ya kuingia katika kompyuta za wengine. Hila yenyewe ilifanya kazi wakati wa kujenga: faili moja la maandalizi lilikuwamo katika furushi lililogawiwa, ilhali halikuwamo katika hifadhi ya chanzo iliyokuwa ikionekana na watu wote. Kuhakiki saini ya furushi kusingefaa kitu, kwa kuwa aliyetia saini ndiye aliyekuwa mwovu.

Mlango huo uligunduliwa Machi 2024 na mhandisi Andres Freund. Aliona kwamba kuingia katika kompyuta kwa njia ya SSH kunachelewa kwa kadiri ya nusu sekunde, akataka kujua kwa nini. Akafuatilia hadi akafika kwenye chanzo. Kama chanzo kingekuwa kimefichwa, udadisi wake ungegonga ukuta. Na kama angekuwa hana udadisi, uwazi wa chanzo usingesaidia. Ulinzi ulitokana na vyote viwili.

Chanzo na Kiswahili

Watanzania wanao ushahidi wao wenyewe wa faida ya chanzo kilicho wazi. Mwaka 2004, kwa mradi ulioitwa Kilinux, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisini za OpenOffice.org zikiwa kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumngoja mwenye kampuni aamue kama wasemaji wa Kiswahili ni soko la kutosha. Maneno ya programu yalikuwamo katika chanzo. Yakatafsiriwa, na programu ikajengwa upya. Kazi yao ilikuwa kubwa kuliko zoezi la Hello, lakini njia ilikuwa ile ile.

Zoezi la darasani

Baada ya kumaliza hatua zilizoelezwa, wanafunzi wafungue faili la src/hello.c kwa kihariri cha maandishi, watafute maneno "Hello, world!", wayabadili yawe "Hamjambo, Njombe!", kisha waandike make hello na ./hello. Wapime muda wa ujenzi wa mara ya kwanza na wa mara ya pili, waeleze kwa nini unatofautiana. Halafu waandike make hello tena bila kubadili kitu, waone kompyuta inajibu nini.

Zoezi hili halichukui zaidi ya kipindi kimoja. Atakayelimaliza hatakuwa mtaalamu wa programu, lakini atakuwa amevuka mpaka mmoja: programu iliyokuwa ikimwamuru yeye, sasa imesema neno alilolichagua mwenyewe.