Pumzi ya Mpiga Mbizi

Kijana wa kisiwa cha Kojani anapovuta wavu wa juya, moyo wake hupiga mara 140, pengine 150 kwa dakika. Jasho linamtiririka, mapaja yanamtetemeka, anahema kwa nguvu. Hakuna mwenzake anayemuuliza ana nini, wala yeye mwenyewe hajiulizi. Usiku wa siku hiyohiyo, amelala kitandani, mwili ukimfanyia mambo yaleyale pasipo kazi yoyote, atainuka ameshika kifua, anatoa shahada, akiamini kwamba roho inamtoka. Moyo ni uleule na kasi ni ileile. Kilichobadilika ni maana ambayo ubongo umeipa kasi hiyo.

Madaktari huliita tukio la usiku ule shambulio la hofu. Huja ghafla, hufika kileleni ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya dakika 10 kutimia, kisha hupungua lenyewe na kumwacha mtu hoi. Kifua kinabana, pumzi inakuwa fupi, kichwa kinazunguka, vidole na midomo vinakufa ganzi, tumbo linavurugika, na juu ya yote kuna yakini ya kufa au kurukwa na akili. Shambulio moja peke yake si maradhi. Watu wengi hupatwa nalo mara moja au mbili maishani na yakaisha. Maradhi huanza pale mtu anapoishi akilingojea jingine, akapanga siku zake zote kwa kulikwepa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi ya wahka ya aina moja au nyingine, na ni kama mmoja tu kati ya wanne anayepata matibabu.

Kinachotokea mwilini kinajulikana vizuri. Ubongo ukihisi hatari, neva huziamsha tezi zilizokaa juu ya figo, na adrenalini humwagika katika damu. Moyo huenda mbio ili misuli ipate damu ya kukimbilia au kupigania. Pumzi nayo huongezeka, na hapa ndipo ganzi na kizunguzungu vinapozaliwa: mtu aliyeketi huku anahema kama anayekimbia hutoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza, uchachu wa damu unapungua, mishipa inayopeleka damu ubongoni inajikaza. Oksijeni anayo ya kutosha kabisa. Anajiona anakosa hewa ilhali amevuta hewa kupita kiasi.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia David Clark, akiwa Oxford, alieleza jinsi duara linavyofunga. Moyo unadunda kidogo, labda kwa sababu ya kahawa au ngazi. Mtu anaufasiri mdundo huo kuwa ni dalili ya kifo. Fasiri hiyo inamtia hofu, hofu inauongezea moyo kasi, na kasi inakuwa ushahidi kwamba alifasiri sawasawa.

Anayetafuta afya hukwama hapohapo. Mama ameambiwa kituoni kwamba presha yake iko juu, apunguze chumvi na atembee kila siku. Anatoka alfajiri kwa nia njema. Dakika ya kumi moyo unakwenda mbio, naye tangu siku ile aliyopimwa amekuwa akiusikiliza moyo wake. Anarudi nyumbani, analala, na wanawe wanamsihi asitoke tena. Mwingine hununua mashine ya kupimia presha na kuivaa mkononi mara kumi kwa siku. Hofu ya kipimo inapandisha namba, na namba inapandisha hofu. Nimewaona watu wa aina hii wakipungua nguvu mwaka hadi mwaka, miguu imelegea, usingizi umetoweka, huku wao na jamaa zao wakiamini kwamba kupumzika huko ndiko kujitunza. Linaniumiza hili kuliko jambo jingine lolote katika mada hii, kwa kuwa juhudi yao ni ya kweli na inawapeleka upande usiofaa.

Nimekiteua Kojani kwa sababu kisiwa hiki kidogo cha mashariki ya Pemba, wilaya ya Wete, kina elimu ya mwili ambayo maabara zimeifikia kwa taabu. Wakojani wanajulikana pwani nzima kwa uvuvi wa nyavu na kwa kwenda dago: wanahama na vyombo vyao kwa miezi, wanapiga kambi Tanga, Mombasa, hata Lamu, wakifuata samaki na pepo. Katika uvuvi wao wamo wanaopiga mbizi kuwasukuma samaki waingie wavuni. Mpiga mbizi akiwa chini, baada ya muda kifua kinaanza kumdai pumzi kwa nguvu. Wengi tungedhani dai hilo linatokana na kuishiwa oksijeni. Sivyo. Linatokana hasa na kabonidayoksaidi inayojikusanya katika damu. Oksijeni bado ipo. Mpiga mbizi mzoefu hajui jina la gesi, lakini anajua kwamba dai la kwanza si kifo, na kwamba akitulia ana nafasi ya kumaliza kazi na kupanda. Uzoefu wake haukumwondolea hisia ile. Umemfundisha kuisoma.

Nguvu ya gesi hiyo ilionekana katika utafiti wa ajabu uliochapishwa mwaka 2013 na Justin Feinstein na wenzake huko Marekani. Yuko mwanamke anayejulikana katika sayansi kwa herufi S.M. tu, ambaye maradhi adimu yaliharibu amigdala zake zote mbili, sehemu ya ubongo inayoongoza woga. Watafiti walikuwa wamempitisha mbele ya nyoka, buibui wakubwa na nyumba ya kutisha watu, asiogope chochote. Kisha wakampa avute pumzi moja ya hewa yenye asilimia 35 ya kabonidayoksaidi. Akashikwa na hofu kuu, akapapatika kuivua barakoa. Wagonjwa wengine wawili wenye kasoro kama yake, ndugu mapacha, nao walishikwa vivyo hivyo. Kati ya watu 12 wenye ubongo mzima waliovuta hewa hiyohiyo, watatu tu ndio waliopata shambulio. Kumbe iko hofu inayotoka ndani, katika kengele ya pumzi yenyewe, isiyongoja kuona nyoka. Anayepatwa na shambulio amelala salama kitandani kwake haigizi wala hana imani haba. Kengele yake imelia pasipo moto.

Niongeze onyo moja la baharini. Wapo vijana wanaohema haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama ili wakae chini zaidi. Kufanya hivyo hakuongezi oksijeni ya maana. Kunafukuza kabonidayoksaidi, kengele inachelewa kulia, na mtu anazimia majini bila kuonywa. Wengi wamekufa hivyo duniani. Kengele hii inakera, lakini ina kazi.

Maana tunayoipa kengele hutoka wapi? Kwa sehemu kubwa hutoka kwa watu tunaoishi nao, na Pemba ina historia ya kufundisha hapa. Mwezi Februari 1995, ndani ya Ramadhani, ilizuka Pemba habari ya Popobawa, kiumbe anayewakandamiza watu usiku vitandani na kuwadhalilisha. Habari ikavuka hadi Unguja na kufika bara. Familia zilitoka vyumbani zikalala nje pamoja, moto umewashwa, watu wakikesha. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na nyoyo zilikuwa juu. Unguja, umati ulimuua mtu mgonjwa wa akili ukimdhania kuwa ndiye. Mwanaanthropolojia Martin Walsh, aliyeichunguza taharuki hiyo kwa karibu, alionyesha jinsi masimulizi ya waliopatwa yanavyolingana na kubanwa na jinamizi.

Jinamizi lina maelezo yake. Tukiwa katika usingizi wa ndoto, ubongo hufunga misuli ya mwili ili tusizitende ndoto zetu. Mara nyingine fahamu hurudi kabla ya kufuli kufunguliwa. Mtu anaona chumba chake lakini hawezi kuinua hata kidole. Kifua kinahisi uzito kwa kuwa misuli ya pumzi anayoweza kuiamuru haimtii. Na ndoto iliyobaki inamwekea kiumbe juu yake. Usingizi wa kukatika unaongeza hali hii, na kulala chali pia. Sasa fikiria Ramadhani, daku katikati ya usiku, na juu yake kijiji kizima kinaogopa kulala. Hofu inavunja usingizi, usingizi uliovunjika unazaa jinamizi, jinamizi linathibitisha hofu. Ni duara la Clark, safari hii limewazunguka watu kwa maelfu. Daktari Devon Hinton aliona jambo linalofanana miongoni mwa wakimbizi wa Kambodia huko Marekani, walionusurika mauaji ya miaka ya 1970: jinamizi lilikuwa likiwabana mno, nao wakiliona kuwa ni mzimu unaowalalia, na mara nyingi likifuatwa na shambulio la hofu.

Habari za majini zimo katika imani yetu, na makala hii haigombani nazo. Mtu kusomewa, au kunywa kombe mikononi mwa mzee anayemwamini, humtuliza, na utulivu ni sehemu ya tiba. Luciano Bernardi na wenzake huko Italia waliwapima watu 23 wakisali kwa tasbihi ya Kikatoliki na wakikariri maneno ya yoga. Mwaka 2001 wakatangaza kwamba njia zote mbili ziliishusha pumzi hadi takriban mara sita kwa dakika, na moyo ukajirekebisha vizuri zaidi. Hawakupima dhikri. Lakini anayesoma kwa tartili, akimalizia aya ndefu kwa pumzi moja iliyotolewa taratibu, anafanya kile ambacho wataalamu wa pumzi wanakifundisha: toa hewa polepole, muda mrefu kuliko ulioivutia, wala usijaze kifua. Kumwambia mtu aliyeshikwa “vuta pumzi kwa nguvu” ni kumwongezea ganzi na kizunguzungu.

Kinachonipa wasiwasi ni pale ambapo kila moyo unaodunda unaambiwa umekaliwa, maana hapo mgonjwa anapewa sababu mpya ya kuusikiliza usiku kucha. Na kinanipa wasiwasi uleule pale ambapo kila kifua kinachobana kinaambiwa ni hofu tu. Anayepatwa kwa mara ya kwanza apelekwe hospitali, ingawa kwa mtu wa Kojani ni kuvuka mkondo kwa chombo, kisha gari hadi Wete. Apimwe moyo, presha, sukari, wingi wa damu, na tezi ya shingo ikiwezekana. Maumivu yanayokwenda mkononi au tayani, kuzimia wakati wa kazi, au pumzi isiyorudi baada ya kupumzika ni mambo ya daktari leo, si kesho.

Akishaambiwa moyo ni mzima, kazi yake inageuka: aache kuikimbia kasi ya moyo, aizoee. Mwaka 1998 Andreas Broocks na wenzake wa Göttingen, Ujerumani, walichapisha jaribio la wagonjwa 46 wa mashambulio ya hofu kwa wiki 10. Wapo waliopewa mazoezi ya kukimbia, wapo waliopewa dawa ya klomipramini, na wapo waliopewa kidonge kisicho na dawa. Dawa ilianza kufanya kazi mapema na ilikuwa na nguvu zaidi, lakini waliokimbia nao walipata nafuu kubwa kuliko wa kidonge kitupu. Anayekimbia hukutana kila siku na mdundo, jasho na kuhema, na kila siku hafi. Yule mama wa alfajiri aanze na dakika tano, na mtu wa kufuatana naye, na moyo ukidunda asikimbilie nyumbani. Asimame, aungoje ushuke akiwa palepale, kisha aendelee. Kahawa aipunguze, na mirungi aiache, kwani vyote viwili huutia moyo mbio.

Wengine watahitaji zaidi ya hapo. Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi kusikiliza wagonjwa wa fikra na huzuni wakiwa wameketi kwenye mabenchi ya zahanati za Harare. Jaribio la watu 573 katika zahanati 24, lililochapishwa mwaka 2016, lilionyesha dalili za sonona na wahka zikishuka sana, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Dawa nazo zipo. Diazepamu hutuliza upesi, lakini mwili huizoea na kuidai. Fluoksetini na nyingine za jamii yake hazileti utegemezi wa namna hiyo, ila huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, na mwanzoni zinaweza kuuongeza wahka kidogo. Asiyeonywa huzitupa siku ya nne. Anayetumia dawa hizi naye anajiandaa kwenda dago amwambie daktari mapema kambi itakuwa wapi na kwa miezi mingapi, aondoke na dozi ya kutosha na cheti kinachotaja jina la dawa, na amweleze nahodha wake, ili siku atakaposhikwa katikati ya maji wenzake wajue kwamba amekwisha kupimwa.