Ubongo na Mwendo: Mabadiliko Yanayogunduliwa Bila Kutazamwa (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kwamba mwendo una eneo lake maalumu katika gamba la ubongo, eneo ambalo wataalamu huliita V5, lililoko nyuma ya kichwa, pembeni kidogo ya kisogo. Tulimtaja pia yule mwanamke anayejulikana katika maandiko ya tiba kwa herufi L.M. tu, ambaye ugonjwa wa mishipa ya damu uliharibu eneo hilo pande zote mbili. Josef Zihl na wenzake walipochapisha habari zake mwaka 1983, walieleza kwamba aliona rangi na kuvitambua vitu bila shida. Lakini kinywaji kilichomiminwa kikombeni alikiona kimeganda, na gari aliloliona mbali lilikuwa ghafla limeshamfikia bila yeye kuliona likija. Kisa hicho chatosha kuthibitisha kwamba kuona mwendo ni kazi inayojitegemea ndani ya ubongo. Hata hivyo L.M. alikuwa akitazama, tena kwa bidii. Swali la leo linahusu mwendo ambao hakuna anayeutazama: ule unaopita pembeni mwa jicho wakati akili imeshughulika na jambo jingine. Hoja nitakayoitetea ni kwamba ubongo huushika mpangilio wa mwendo huo bila kuagizwa, huuweka kwa muda mfupi kama kanuni, na kanuni ikivunjwa hutoa ishara. Na kwamba ishara hiyo hutokana na kulinganisha kilichotarajiwa na kilichotokea, wala si mshtuko wa kukutana na kitu kipya.

Njia ya kulichunguza jambo hili ilifunguliwa na watafiti wa masikio. Tangu Hans Berger wa Jena, Ujerumani, alipochapisha mwaka 1929 michoro yake ya umeme wa ubongo wa binadamu, ilijulikana kwamba seli nyingi za neva zikifanya kazi kwa pamoja huacha alama ya umeme inayopimika juu ya ngozi ya kichwa. Alama hiyo ni ndogo mno, huhesabiwa kwa sehemu za milioni za volti, na mwitikio wa sauti moja au picha moja humezwa na umeme mwingine wote unaozunguka. Dawa yake ni kurudia. Sauti ileile ikisikilizishwa mara nyingi na vipimo vyake vikapigiwa wastani, umeme usiohusika hufutana na ule unaohusika hubaki. Mwaka 1978 Risto Näätänen wa Finland na wenzake walitumia mbinu hiyo kuonyesha kwamba sauti tofauti ikichomekwa katika mfululizo wa sauti zinazofanana huzaa mshuko wa ziada wa umeme, hata kama msikilizaji ameelekeza usikivu wake kwingine. Baadaye mshuko huohuo ulipatikana kwa watu waliozama katika kusoma kitabu, na hata kwa watoto wachanga waliolala. Hapa nitauita ishara ya kutolingana.

Kwa macho kazi ilikuwa ngumu zaidi. Sikio halina kope, na sauti huingia hata kwa aliyelala. Macho yana mwelekeo, hufumba, hukimbia huku na huko mara kadhaa kila sekunde, na sehemu ya retina inayoona kwa undani ni ndogo sana. Watafiti walilazimika kubuni hali ambamo mwanga unaingia jichoni huku umakini ukiwa umefungwa mahali pengine, na hapo ndipo mwendo ulipoonyesha faida yake. Pembezoni mwa retina rangi hufifia na herufi hazisomeki, lakini mwendo bado hupokelewa vizuri. Anayesoma gazeti ndani ya daladala hazihesabu nguzo na miti inayopita ukingoni mwa macho yake; gari likianza kurudi nyuma, hunyanyua kichwa kabla hajajua kilichomnyanyua.

Majaribio yalifuata mantiki hiyo. Mwaka 2004 Paula Pazo-Álvarez, Elena Amenedo na Fernando Cadaveira wa Chuo Kikuu cha Santiago de Compostela, Hispania, walichapisha utafiti kuhusu ugunduzi wa mabadiliko ya mwelekeo wa mwendo, na miaka miwili baadaye Jan Kremláček na wenzake wa Hradec Králové, Jamhuri ya Cheki, wakatoa wa kwao. Muundo wa majaribio ya aina hii ni rahisi kuueleza ingawa si rahisi kuutekeleza. Mtu huketi mbele ya skrini akiwa na elektrodi kichwani. Katikati ya skrini hupewa kazi inayodai umakini wake wote, mathalani kubonyeza kitufe kila inapotokea alama fulani. Pembeni, bila yeye kuambiwa aifuatilie, milia ya weupe na weusi husogea kuelekea upande mmoja, tena na tena. Kisha mara chache, bila taarifa, husogea kinyume. Umeme wa mwelekeo ule adimu ukilinganishwa na wa ule uliozoeleka, tofauti hujitokeza nyuma ya kichwa, kati ya takriban milisekunde 100 na 300 baada ya mwendo kuanza. Mwanzo wake huja mapema kuliko mtu anavyoweza kubonyeza kitufe kwa kukusudia.

Pingamizi la kwanza hujitokeza lenyewe. Nani anathibitisha kwamba mtu yule hakuwa akiiba jicho? Huenda alichungulia pembeni kila milia ilipogeuka, na tunachokiita ugunduzi wa moja kwa moja ni umakini uliovuja. Pingamizi hili ni la haki, na tafiti za mwanzo kuhusu macho ziliponzwa nalo, kwa kuwa kazi za katikati zilikuwa nyepesi mno. Kazi ikifanywa nzito, macho yakafuatiliwa, na alama za mshiriki zikabaki zilezile milia igeuke au isigeuke, pingamizi hupungua nguvu. Lakini jibu ninaloliona zito zaidi lilitoka Budapest mwaka 2009, kwa István Czigler na Lívia Pató. Walipima watu ambao hawakutambua kabisa kwamba mpangilio wa maumbo waliyoonyeshwa ulikuwa unabadilika, na bado umeme wa ubongo ulibeba alama ya mabadiliko hayo. Asiyejua kwamba kuna jambo la kuchungulia hawezi kusemwa amelichungulia. Sidai kwamba umakini hauna athari. Unaweza kuikuza ishara au kuipunguza. Ninachodai ni kwamba ishara haihitaji nia ya mtu ili itokee.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na kwa mwendo lina uzito wa pekee. Seli za neva huchoka. Seli inayopenda mwendo wa kuelekea kulia, ikiona mwendo huo mara mia, hupunguza mwitikio wake. Mwaka 1834 Robert Addams alieleza kwamba, baada ya kuyakodolea macho maporomoko ya Foyers kule Uskoti, aliugeukia mwamba wa kando akauona kama unapanda juu: seli za mwendo wa kushuka zilikuwa zimelegea, za kupanda zikashinda. Kwa hiyo mpinzani atasema hivi: hakuna kumbukumbu wala kanuni katika majaribio yenu; mwelekeo uliozoeleka umezichosha seli zake, mwelekeo adimu umezikuta seli zake zikiwa mbichi, na ninyi mmeupa ubichi huo jina la kifahari.

Namna ya kulijibu ni kupanga jaribio la udhibiti ambamo uchovu ni sawa lakini kanuni haipo. Tuseme mwelekeo ule adimu ulitokea mara moja kati ya tano. Katika udhibiti huwekwa mielekeo mitano, kila mmoja ukitokea mara moja kati ya tano kwa mpangilio wa bahati nasibu. Sasa mwelekeo wetu ni adimu vilevile, na seli zake ni mbichi vilevile, ila hakuna mazoea yanayovunjwa nao. Mwitikio ukiwa mkubwa zaidi pale unapovunja mazoea, uchovu peke yake hauwezi kueleza ziada hiyo. Czigler, László Balázs na István Winkler waliipata ziada hiyo kwa rangi mwaka 2002. Motohiro Kimura na wenzake waliipata kwa mielekeo ya mistari mwaka 2009. Uaminifu unataka niseme pia kwamba matokeo hayakukubaliana yote. Mwaka 2020 Alie Male na wenzake walizipima sifa za msingi za picha, kama mwelekeo wa mistari na ukali wa weusi na weupe, chini ya udhibiti mkali, wasipate ushahidi wa ishara ya kutolingana iliyo halisi, yaani isiyotokana na uchovu; wakahitimisha kwamba ama ishara hiyo si thabiti, ama haipatikani kwa sifa sahili kama hizo. Utafiti huo umesafisha uwanja. Yeyote anayetoa michoro ya mwendo bila udhibiti wa namna hii hatakiwi tena kusadikiwa, na baadhi ya kazi za zamani zinahitaji kurudiwa.

Hata hivyo matokeo hayo hayaiangushi hoja yenyewe, kwa sababu kuna aina moja ya ushahidi ambayo uchovu hauwezi kuigusa: kitu kisichotokea. Mwaka 2006 Czigler na wenzake waliwaonyesha watu picha katika mfululizo wa kasi, kisha mara mojamoja wakairuka moja. Katika pengo lile hapakuwa na mwanga mpya wala seli mbichi ya kuamshwa. Hata hivyo, mfululizo ulipokuwa wa kasi ya kutosha, ubongo ulitoa ishara. Kutoa ishara kwa sababu ya kutokuwepo kwa jambo kunawezekana tu kama jambo hilo lilikuwa likingojewa. Hili linaafikiana na mtazamo ambao Rajesh Rao na Dana Ballard waliuwekea hesabu mwaka 1999: maeneo ya juu ya ubongo hupeleka makadirio kwa maeneo ya chini, na kinachopandishwa ni kile tu ambacho makadirio yamekosea. Mwendo ni uwanja wa asili wa kazi hiyo, maana kitu kinachosogea hubeba ndani ya mwendo wake habari ya mahali kitakapokuwa hivi punde.

Limebaki pingamizi ambalo msomaji wa kawaida huliuliza kwanza. Kama ubongo hugundua yote hayo, mbona watu hugongwa na magari waliyokuwa wakiyaelekea? Mbona mwaka 1999, katika jaribio la Daniel Simons na Christopher Chabris, karibu nusu ya watazamaji waliokuwa wakihesabu pasi za mpira hawakumwona mtu aliyevaa mavazi ya sokwe akipita katikati ya wachezaji? Jibu ni kwamba kugundua na kufahamu ni kazi mbili. Daniel Memmert alipofuatilia macho ya watazamaji mwaka 2006, alikuta kwamba walioshindwa kumwona sokwe walikuwa wamemwelekezea macho kwa takriban sekunde moja, sawa na waliomwona. Ishara ya kutolingana huomba umakini uje; haina mamlaka ya kuulazimisha. Umakini ukiwa umekwisha kumilikiwa na hesabu ya pasi, au na simu iliyo mkononi mwa dereva, ombi hukataliwa, na mtu husema kwa ukweli mtupu kwamba hakuona kitu. Ndiyo maana nadhani ni kosa kuutegemea ubongo kwa mambo ya pembeni barabarani kwa sababu tu unagundua mengi: unachokigundua hakifiki mguuni kwenye breki kwa wakati.

Kwa tiba, thamani ya ishara hii ni kwamba haimtaki mgonjwa aseme, asome wala aelewe maelekezo marefu. Mwaka 2008 Aleš Urban na wenzake, wakitumia mabadiliko ya mwelekeo wa mwendo, waliikuta imepungua kwa wagonjwa wa skizofrenia, jambo lililokuwa limeshajulikana upande wa sauti. Lakini matokeo hayo ni ya wastani wa kundi. Ishara ya mtu mmoja ni dhaifu na hubadilika kati ya kipimo na kipimo, kiasi kwamba hakuna daktari anayeweza leo kumkalisha mgonjwa mbele ya milia inayosogea na kuondoka na utambuzi wa ugonjwa. Kinachokosekana ni jaribio fupi la mwendo, lenye udhibiti wa uchovu ndani yake, linalotoa jibu lilelile kwa mtu yuleyule akipimwa leo na mwezi ujao. Namna uzee unavyoibadili ishara yenyewe itakuwa mada ya sehemu ya tatu.