Upigaji wa Filamu Nje na Hifadhi ya Usemi wa Wafugaji

Katika mafunzo ya sinema, matatizo ya kupiga filamu nje huelezwa zaidi kama matatizo ya picha: jua kali, vumbi na joto. Kwa mtaalamu wa lugha, hata hivyo, tatizo kubwa zaidi ni usemi. Filamu isiyonasa maneno ya watu kwa ufasaha hulazimika kuwawekea msimulizi wa kuwasemea. Picha zao hubaki, lakini lugha yao hupotea.

Mfano wa kufaa ni filamu iitwayo To Live with Herds. Ilipigwa mwaka 1968 miongoni mwa Wajie wa Karamoja, Uganda, na David MacDougall, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Sauti ilinaswa na mkewe, Judith. Badala ya msimulizi kuwafasiria watazamaji kila jambo, wafugaji husikika wakizungumza Kijie, na tafsiri huandikwa chini ya picha. Mnamo 1973 na 1974 wawili hao walivuka mpaka, wakapiga filamu nyingine tatu kwa Waturkana, ambao lugha yao inakaribiana sana na Kijie.

Njia hiyo ina masharti yake. Mkanda wa milimita 16 wenye urefu wa futi 400 humalizika kwa dakika 11 hivi, nao mazungumzo ya wazee hayangoji mkanda mpya. Kwa hiyo yafaa kinasa sauti kiendelee kufanya kazi wakati kamera inapobadilishiwa mkanda, ili hoja ya msemaji isikatike. Mikanda haina budi kuwekwa kivulini, kwani joto huiharibu. Upepo nao huvuma ndani ya mikrofoni na kuyafunika maneno. Dawa yake ni kuivika mikrofoni kifuniko chenye manyoya, kuisogeza karibu na msemaji, na kusikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni wakati kazi ikiendelea. Kamera za leo hazihitaji mikanda, lakini betri zake huathiriwa na joto, na penye uhaba wa umeme hazina budi kuchajiwa kwa nguvu ya jua.

Umuhimu wa jambo hili unadhihirika Lokiriama, katika mpaka wa Turkana na Uganda. Hapo ndipo Waturkana na Wamatheniko walipopatana amani mwaka 1973, na kumbukumbu ya mapatano hayo huadhimishwa mahali hapo hapo. Kiini cha mkutano wa namna hiyo ni maneno: nani ametamka, kwa lugha gani, na ameitikiwaje. Mwanafunzi akirudi na picha safi za umati lakini sauti ya upepo mtupu, atakuwa ameipoteza hoja yenyewe. Kwa sababu hiyo, unukuzi na tafsiri vianze papo hapo, pamoja na wasemaji wenyewe, kabla kundi halijarejea Lodwar. Neno lisilosikika vizuri bado laweza kuulizwa kwa aliyelitamka.